Sauti Inakatika

Mtaa mzima walimwita Fundi Sikio, na jina hilo hakupewa bure. Enzi zile redio ilipokuwa redio, mtu alimletea mashine yake imeviringishwa kwenye gazeti, na yeye hakuuliza ina nini. Aliiwasha, akafumba macho, akainama mpaka sikio likagusa spika, akakaa hivyo kama mtu anayenong'onezwa umbea. Kisha akasema, waya wa kushoto umelegea. Au akasema, humu mna mende. Na ukifungua, mende yumo, tena na familia yake.

Kibanda chake kilikuwa cha mbao, kimebanwa kati ya kinyozi na ukuta wa shule, na ndani yake mlikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, kifaa hakitoki dukani mpaka mwenyewe amekisikia kikisema. Hata uwe na haraka namna gani, utasimama pale kwenye benchi usikilize, ndipo uondoke. Ya pili, kilicho kizima hakiguswi. Zamani alikuwa na mshirika, mtu mcheshi mwenye mikono myepesi, ambaye kabla ya kumrudishia mteja redio yake alilegeza kiwaya kimoja kidogo, ili mteja arudi. Siku Fundi alipomfuma hakugombana naye. Alikusanya bisibisi za yule bwana na koleo zake, akazitia kwenye mfuko, akauweka nje mlangoni. "Daktari anayempa mtu ugonjwa si daktari," alimwambia, "ni mchawi aliyevaa koti jeupe." Hawakusalimiana tena mpaka yule mtu alipohama mji.

Halafu redio zikafa. Na hazikufa kwa kuharibika, maana hilo angelimudu. Zilikufa kwa kusahauliwa. Watu walihamia kwenye simu, na simu ikiharibika haitengenezwi, inatupwa inanunuliwa nyingine. Fundi akabaki na pasi na feni, na rafu tatu za redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Kila asubuhi alizifuta vumbi. Usimwonee huruma lakini, angekutukana.

Nyumbani alikuwa na watu wawili wa kusikiliza hadithi zake, mkewe na binti yao. Binti huyo alikuwa wa pekee, alizaliwa mawifi wa mama yake wakiwa wameshachoka kuuliza kulikoni. Walimlea kama yai. Akasoma, akasomea kompyuta, akapata kazi mji mwingine, mwendo wa basi wa kutwa nzima, na siku ya kuondoka akawaachia laptopu yake ya zamani. Haikuwa na ule mfumo wa kununua wanaoutumia maofisini. Ilikuwa na programu huria, zile zinazotengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia na kugawiwa bure, na mwenye subira anaruhusiwa kufungua ndani atazame kila kitu kilivyofungwa. Hilo lilimpendeza sana Fundi.

"Kumbe wenye akili bado wapo," alisema. "Kitu kisichofunguka ni jeneza."

Nywila ya kuifungulia binti aliiweka jina la paka wao wa zamani, Bwanyenye, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikula, akalala, na panya wakapita mbele yake wakimsalimia. "Hili hamtalisahau," alisema, na wote watatu wakacheka pale mlangoni, begi likiwa limeshapakiwa.

Mwaka haukuisha, mke wa Fundi akaanguka jikoni. Hospitali wakasema moyo umepanuka, umechoka, hauna tena nguvu za kusukuma. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimvuta Fundi pembeni, akamwambia waende naye nyumbani, wampe dawa zake, wasimuudhi, wamtimizie anachotaka. Fundi alikuwa mtu wa mashine, akaelewa. Hata yeye alikuwa na namna ya kumwambia mteja kwamba redio hii tusiihangaishe.

Kuanzia hapo mama hakushuka kitandani ila kwa kushikwa. Na alichotaka alikisema wazi, hakumzungusha mtu.

"Nataka mwanangu aje nimwone kwa macho. Basi. Mengine nimeshayapata, na ambayo sikuyapata nimeshayasamehe."

Sasa, binti alikuwa na utaratibu wake. Akiwa kazini hapokei simu, jioni amechoka. Wataongea Jumapili alasiri, kupitia laptopu, ambako ni bure. Mtandao waliuvuta kwa waya kutoka duka la jirani, ukuta kwa ukuta, kwa mama mmoja wa makamo aliyeitwa na kila mtu Dada wa Fotokopi, hata na waliomzidi umri. Kila Jumapili Fundi aliweka laptopu juu ya kigoda kando ya kitanda, akakaa upande wa pili, wakasubiri. Picha waliizima tangu mwanzo kwa sababu iliganda na kumwonyesha mtoto wao mdomo wazi. Wakabaki na sauti.

Na hiyo sauti sasa. Ilitoka kama ya mtu anayeongea huku anatafuna changarawe. Ta-ta-ta, kimya, nusu ya neno, ta-ta, mwisho wa neno jingine. Walikisia. Salamu walizikisia kwa urahisi, maana salamu ni zile zile. Habari za kazi walizipata vipande vipande. Kisha mama alikusanya pumzi zake, kidogo alizokuwa nazo, akauliza lile alilolisubiri wiki nzima.

"Utakuja lini, mama?"

"Halo? Mama? Sauti inakatika. Siwasikii. Halo? Basi nitapiga Jumapili."

Hivyo Jumapili ile, na iliyofuata, na nyingine. Mama hakumlaumu mtoto. Mtoto atalaumiwaje kwa mashine? Alimgeukia mumewe.

"Fundi Sikio mzima. Umewatengenezea watu redio miaka yote hiyo, mpaka za wanaume niliowakatalia ili nikuchukue wewe. Leo mwanangu anataka kunitajia siku anayokuja, na mimi namsikia kama kuku kwenye debe."

Aliyasema kwa utani, lakini utani wa mgonjwa una mwiba ndani. Ukamchoma Fundi pale pale penye jina lake. Akamwandikia binti ujumbe kumweleza hali ya sauti. Jibu lilikuja siku ya pili: "Nitaiangalia nikija." Akasema moyoni, haya, mpaka aje ili atengeneze sauti, na sauti itengenezwe ili aseme anakuja lini. Akachukua bisibisi.

Akaanza na kosa ambalo mtu wa redio tu ndiye angeweza kulifanya. Kwa mtu wa redio, sauti mbaya ni spika, au waya, au uchafu. Akaipasua laptopu juu ya meza ya chakula, akasafisha kila kiungo kwa spiriti na pamba, akagusa lehemu hapa na pale. Changarawe ikabaki. Akazing'oa spika zake, visahani viduchu kama vifungo vya koti, akavidharau. Akachukua spika mbili kubwa kutoka kwenye redio ambazo wenyewe hawakurudi, akaziunga kwa waya na kuzifunga ubavuni kwa mpira wa baiskeli. Laptopu ikaota masikio.

Mkewe alicheka mpaka akakohoa. "Sasa imekuwa punda," alisema.

Na Jumapili ilipofika, changarawe zilikuwa zile zile, ila sasa ni mawe. Chumba kizima kilitikisika. "Halo? Sauti inakatika, mama. Nitapiga Jumapili."

Ndipo Dada wa Fotokopi, aliyekuwa akiyasikia yote hayo kupitia ukutani, akaingia na glasi yake ya chai mkononi. Akayatazama yale masikio, akaguna.

"Baba, mgonjwa anaumwa kichwa, wewe umempasua tumbo. Spika haina kosa. Shida iko kwenye programu."

Maneno hayo yalimuuma Fundi, lakini hakuwa mjinga. Akamwuliza programu inafunguliwa kwa bisibisi gani. Dada wa Fotokopi akacheka, akamwambia kuna jukwaa mtandaoni ambako watumiaji wa programu huria huulizana na kujibiana. Wakakaa wote wawili dukani kwake. Fundi akaeleza, yeye akaandika. Fundi alieleza kila kitu, jinsi sauti inavyokatika, mlio wake, hata spika za ubavuni, na mwisho akamwambia aongeze kwamba mwenye kusikiliza ni mgonjwa na hana muda mrefu.

Kabla chai haijapoa, mtu akajibu. Nchi yake hawakuijua, jina lake lilikuwa herufi na namba. Alianza na pole kwa mgonjwa. Kisha akaomba waandike amri fulani na wamtumie majibu yake. Wakamtumia. Mwingine akaingia, akasema yule wa kwanza anakosea, wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu laptopu ya mtu wasiyemjua, kwa hasira kabisa, kama mashabiki wa mpira. Fundi aliburudika. "Hawa ni mafundi," alisema. Lakini njiani kurudi nyumbani likamjia wazo chungu. Wageni hawa walimjibu papo hapo na kumpa pole. Na huyu aliyenyonya ziwa la mgonjwa mwenyewe, pole yake bado iko njiani. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Labda ndiyo maana inachelewa kufika.

Wale wageni waligombana mpaka wakakubaliana, na ugonjwa ukajulikana. Mashine, walieleza, haitoi sauti yote kwa mkupuo. Huipakua kidogo kidogo, kama mama anayepakulia watoto wengi. Hii ilikuwa inakisia wakati wa kupakua, na inakisia vibaya, kwa hiyo sahani inafika imechelewa, na pale inapochelewa ndipo unaposikia ta-ta-ta. Dawa yake ni faili moja la mipangilio, mstari mmoja. Aunakili ule mstari chini yake, na mwisho wa ile nakala aongeze neno fupi na sifuri, la kuiambia mashine iache kukisia. Na ule mstari wa zamani asiufute. Auwekee mbele alama ya reli, ile ya kumalizia namba za kuangalia salio kwenye simu. Mstari wenye reli mbele, mashine inauruka kama haupo. "Ukitaka kurudi ulikotoka," yule mgeni aliandika, "hamisha tu hiyo alama."

Fundi aliipenda sana hiyo. Huvunji kitu, hutupi kitu. Unakilaza tu.

Akaifanya kazi mwenyewe, kwa kidole kimoja, Dada wa Fotokopi akisimama nyuma bila kugusa. Mashine ikaomba nywila. Akaandika bwanyenye. Akahifadhi, akazima, akazirudisha zile spika ndogo mahali pake, akawasha, akacheza wimbo wa zamani uliokuwamo. Akafumba macho, akaweka sikio.

Ilikuwa safi. Alisikia mpiga gitaa akihamisha vidole kwenye nyuzi. Alisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Tangu redio zife hakuwa amesikia kitu kimetengenezwa kikatengenezeka hivyo, na kifua kilimjaa, akajiona kijana.

Hakumwambia binti. Sheria ni sheria, wa kwanza kusikia ni mwenye mali, na mwenye mali ni mgonjwa. Alimwambia mkewe tu kwamba Jumapili hii avae vizuri.

Jumapili alinyoa ndevu. Mkewe akajifunga kitambaa kipya kichwani, akaomba ainuliwe akae na mito nyuma. Laptopu ikalia, Fundi akabonyeza.

"Mama, shikamoo. Baba, shikamoo."

Mama alimshika mumewe mkono. Sauti ilikuwa chumbani. Ungesema mtoto amekaa miguuni pa kitanda. Hata mafua kidogo aliyokuwa nayo yalisikika.

"Marahaba, mama," alisema, na machozi yakamlengalenga. Akamtazama mumewe kwa jicho ambalo Fundi hakuwa amelipata tangu ujana wao. Kazi yako nimeiona, lilisema jicho hilo.

Wakaongea habari za kazi. Wakaongea habari za mvua. Mama akakusanya pumzi.

"Utakuja lini, mwanangu? Nitajie siku tu. Hata ikiwa mbali, nitaisubiri."

Walisikia akivuta mafua. Kisha ile sauti safi, isiyo na changarawe hata moja, ikasema:

"Halo? Mama? Sauti inakatika. Halo? Siwasikii kabisa."

"Mbona mimi nakusikia vizuri, mama," alisema mama, polepole. Lakini binti alikuwa ameshavua visikilizio vya masikioni. Walisikia vikiwekwa mezani. Walisikia kijiko kikikoroga kikombe. Wakasikia mwanamke mwingine, mbali kidogo, akiuliza kama ameshamaliza.

"Bado. Nawaacha hivi kidogo ndiyo nakata. Ukikata ghafla baba anapiga tena."

"Si uwaambie tu kwamba huendi?"

"Nitaanzaje?" Kijiko kikagonga ukingo wa kikombe. "Nikienda pale sitoki. Nitawekwa kwenye kiti kando ya kitanda, kesho, keshokutwa, na kazi ndiyo basi tena. Halafu sitaki kumwona alivyo sasa. Nataka nimkumbuke akitembea."

"Na hiyo laptopu wakija kuitengeneza?"

Binti akacheka, kicheko kidogo, si cha ubaya. Hicho ndicho kilichouma zaidi, kwamba hakikuwa cha ubaya.

"Nani aitengeneze? Baba? Baba ni fundi wa redio. Haya mambo hayawezi."

Kisha akakata.

Fundi alikaa pale na mikono yake mapajani. Aliona aibu kwanza, kama mtu aliyekamatwa akisikiliza mlangoni. Kisha hasira ikampanda mpaka masikio yakapata moto. Akanyoosha mkono kwenye mashine.

"Usimpigie," mkewe alisema.

"Nimpigie nimwambie tumesikia. Nimwambie mimi haya mambo nayaweza. Kesho hiyo hiyo atapanda basi."

"Atapanda. Atakuja na aibu yake, akae kwenye hicho kiti, kila nikikohoa aone namhukumu. Mimi sitaki mgeni, Fundi. Nilitaka mwanangu."

Fundi aliurudisha mkono. Mito ilikuwa imeshuka, akamwinua tena. Kitambaa kipya kilikuwa kimemponyoka upande mmoja, hakukirekebisha.

"Sauti ya leo siipendi," mkewe alisema. "Irudishe ile ya zamani."

Fundi alimwelewa, na hakutaka kumwelewa.

"Kitu kizima sijawahi kukiharibu maisha yangu yote. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru." Akavuta pumzi. "Mashine ikiwa mbovu, mimi bado nina mtoto anayetaka kuja, ila simsikii. Niachie huyo. Huyu mwingine simjui."

Fundi akabisha. Akambembeleza, akakasirika, akatoka nje akarudi. Siku zile zote alimpikia, akamwogesha, akampa dawa, na kila alipopita karibu na kigoda aliikwepa laptopu kwa macho. Mkewe hakurudia ombi lake. Alikuwa mtu wa kuomba mara moja.

Jumapili asubuhi akaifungua. Mashine ikauliza nywila, akaandika bwanyenye kwa kidole kimoja. Ile mistari miwili ikaonekana, wa zamani umelala, mpya uko kazini. Akauamsha wa zamani. Akaweka alama ya reli mbele ya ule aliouandika mwenyewe. Alama moja tu, lakini alihisi kama yule mshirika wake wa zamani amesimama nyuma yake akitabasamu, na ule mfuko wa bisibisi uko begani.

Alasiri binti akapiga. Ta-ta-ta. Shikamoo ikafika imevunjika. Habari za kazi zikafika vipande. Mama hakuuliza siku. Aliuliza kama anakula vizuri, akasema yeye hajambo, maumivu yamepungua. Binti, nadhani, aliona ajabu kwamba swali la mama halikuja, maana mwenyewe ndiye aliyeanza kusema habari ya sauti.

"Sauti bado mbaya sana, mama. Yaani kila siku inakatika."

"Ndiyo, mama. Baba yako amehangaika nayo mpaka basi."

Fundi akainama karibu na mashine. Alitamka kila neno kwa uwazi, ili lipenye changarawe.

"Ni kweli, mwanangu. Mimi ni fundi wa redio. Haya mambo siyawezi."

"Usijali, baba. Nikija nitawatengenezea mwenyewe."

"Tutashukuru," mama alisema, na akafumba macho.

Alifariki siku ya kazi, asubuhi, maji ya chai yakiwa bado jikoni. Na binti alikuja. Kwa msiba nafasi ya kwenye basi hupatikana, na ruhusa ya kazini hupatikana, na kiti kando ya kitanda hakimtishi mtu tena maana kitanda ni kitupu. Alilia, tena alilia kweli, tusimsingizie. Alijitupa chini mpaka wanawake wawili wakamshika. Fundi alimtazama na hakuweza kulia naye. Alimpenda na alimchukia kwa pumzi moja, na hakujua lipi aliweke wapi.

Watu walipotawanyika, wakabaki wawili. Binti hakuwa na la kufanya na mikono yake. Alikunja shuka, akapanga vikombe, akaishia kwenye kile kigoda. Akaiwasha laptopu, akacheza wimbo wa zamani uliokuwamo, akasikia changarawe.

"Nilisema nikija nitaitengeneza," alisema. "Ngoja niitengeneze."

Fundi alikuwa amekaa kitini. Hakumzuia. Binti alikuwa hodari, vidole vyake vilikimbia, baba yake akaona fahari bila kutaka. Akafungua faili la mipangilio. Kisha vidole vikasimama.

Mistari miwili. Wa chini una lile neno fupi na sifuri, umeandikwa sawasawa, hauna kosa. Mbele yake, alama ya reli. Akatazama tarehe ambayo faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji tarehe kusomwa.

"Baba. Hii alama nani kaiweka?"

"Mimi."

"Kwa nini? Huu ndio mstari wenyewe. Ulikuwa umeshamaliza."

"Mama yako aliniomba."

Nje kulikuwa na mtu anayeburuta viti vya kukodi, akivirudisha kwenye gari. Kila kimoja kilikwaruza saruji na kunyamaza. Binti aliiondoa ile alama, akaiweka kwenye mstari wa juu, akahifadhi, akazima, akawasha. Wimbo ukatoka safi, gitaa na pumzi na kila kitu. Hakuusikiliza. Alikuwa akimtazama baba yake.

"Mama aliwahi kuisikia ikiwa hivi?"

"Mara moja," Fundi alisema. "Jumapili moja tu. Ilisikika vizuri sana. Tulisikia mpaka kijiko ulichokuwa unakoroga."